Kwa nini tunakuza seli za kinga maabara

Bakteria wa kifua kikuu ana ujanja wake. Makrofaji, seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza vijidudu, inapomfuata mapafuni, yeye hakimbii. Hukubali kumezwa, halafu huishi humo humo na kuzaana. Anayetaka kuielewa TB lazima basi aichunguze na nyumba aliyohamia bakteria. Kazi yangu ni kuzalisha nyumba hizo.

Watu huniuliza: makrofaji si zimo mwilini mwa kila mtu? Zimo. Tukikutoa damu tunapata monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, na kwa wiki moja hivi hukomaa kuwa makrofaji. Ila hapo hazizaani tena. Jaribio likiisha nazo zimekwisha, na safari ijayo unamchoma sindano mtu mwingine mwenye jeni zake nyingine. Zipo pia seli za saratani ya damu zinazozaana bila kikomo. Kuzifuga ni rahisi, lakini zina vituko vyake. Panya wa majaribio naye si binadamu.

Njia ilifunguka Kyoto, Japani. Mwaka 2006 mwanasayansi Shinya Yamanaka na mwenzake waliingiza jeni 4 katika seli za panya, zikarudi utotoni: zikawa seli shina, zenye uwezo wa kugeuka karibu seli yoyote ya mwili. Mwaka 2007 ikawa zamu ya seli za ngozi ya binadamu, na Yamanaka akapata Tuzo ya Nobeli 2012, akigawana na mwanasayansi Mwingereza John Gurdon. Awali seli shina za namna hii zilitolewa kwenye kiinitete cha binadamu; sasa hakikuhitajika, na mabishano mengi ya kimaadili yakapoa.

Sisi hukusanya seli shina ziwe vidonge vidogo, kisha huzipa protini za kuziamuru, moja baada ya nyingine, kama ambavyo mwili ungefanya. Baada ya wiki kadhaa vidonge huanza kuachia monosaiti, zikielea kwenye majimaji. Hapo ni kama kukama ng'ombe: unachota majimaji, vidonge vinabaki, wiki ijayo unarudi. Hukamika kwa miezi. Haya yote ndani ya nyuzi joto 37, na chakula kikibadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zile poda za mitandaoni zinazoitwa "seli shina" sijui zinaishije kwenye pakiti.

Faida kubwa ni kulinganisha. Kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR tunazima jeni moja katika seli shina, kisha tunakuza makrofaji za visahani viwili kutoka kwa mtu yuleyule, tofauti yao ikiwa jeni hiyo tu. Tunaingiza bakteria kote kuwili. Wakistawi zaidi upande mmoja, tumepata pa kuanzia kutafuta dawa.

Kasoro ipo: makrofaji hizi hufanana zaidi na za mtoto aliye tumboni kuliko za mapafu ya mtu mzima aliyevuta vumbi na moshi miaka 40. Seli T, askari wengine wa kinga, ni ngumu zaidi kukuza, maana mwilini hufunzwa kwanza kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na shule hiyo kuijenga ndani ya kisahani bado inatutoa jasho.