Jina la Bengaluru na hadithi ya maharage

Wengi huamini kwamba jiji la Bengaluru, kusini mwa India, lilipewa jina na mfalme wa nasaba ya Hoysala katika karne ya 12. Inasimuliwa kwamba alipotea mwituni akiwinda, bibi kizee akamlisha maharage ya kuchemsha, naye kwa shukrani akapaita mahali hapo "benda-kaal-uru", yaani mji wa maharage yaliyochemshwa. Ni hadithi nzuri, na ukarimu unaosifiwa ndani yake unastahili kuendelea kusimuliwa.

Hata hivyo, katika hekalu la kale la Begur, ambalo leo limo ndani ya jiji hilo, lipo jiwe la kumbukumbu ya mashujaa, lililochongwa kwa Kikannada cha kale mnamo mwaka 890 hivi, ambalo linamtaja mtu aliyeuawa katika vita vya Bengaluru. Jina hilo, basi, lilikuwa likitumika zaidi ya miaka 200 kabla ya enzi ya mfalme huyo.

Msomaji anaweza kulipima dai la namna hii mwenyewe, bila kuwa mwanahistoria: atafute maandishi ya zamani kabisa yenye jina hilo, kisha alinganishe tarehe yake na enzi ya anayesemekana kulibuni. Kipimo hicho kinafaa pia kwa wanaodhani kwamba jina lilianza na ngome ya udongo ya mwaka 1537, ambayo kwa hakika ndiyo chimbuko la mji wa sasa.