Kusoma Neno kila siku: tunavyodhani na ilivyo

Jumamosi moja alfajiri, ibada ya jumuiya yetu ya hapa Pasua, Moshi, ilipokwisha na chai ikiwa inamiminwa, kijana mmoja alinisogelea akasema kwa sauti ya kuungama: "Mama, mwaka huu tena nimeishia Walawi." Alikuwa ameanza Januari na ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Mwanzo aliifurahia, Kutoka akaenda nayo mpaka kwenye vipimo vya hema, Walawi ikamwangusha. Akafunga kitabu na kujiona si Mkristo kitu. Aliniumiza moyo, kwa sababu mzigo ule hakubebeshwa na Mungu. Tumebebeshana wenyewe, na si huo peke yake.

"Mkristo wa kweli humaliza Biblia kila mwaka"

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu na kitu kwa siku. Anayeiweza ratiba hiyo na aifuate, ni njema. Ila hakuna andiko linaloiamuru, na hizo sura zenyewe ziligawanywa katika karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya tunayoihesabu leo ilipangwa mwaka 1551 na mpiga chapa Robert Estienne. Zaburi ya 1 inamsifu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni kunena kwa sauti ya chini, na ndilo lile Isaya analolitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Simba mwenye windo hana haraka. Kijana yule nilimwambia aiache Walawi kwa sasa, aende Marko, sura 16 tu, akae nayo.

"Asiyejua kusoma, Biblia si yake"

Bibi yangu wa Old Moshi hakukanyaga darasa. Jioni, ng'ombe wakishapewa majani, aliniita nimsomee kwa mwanga wa koroboi, kutoka kwenye Biblia ambayo jalada lake alikuwa amelishona kwa uzi wa gunia. Nikikimbiza mistari ili niwahi kulala, aligonga kigoda kwa kiganja: "Rudia hapo." Ningerudia mara tatu, mara nne. Kesho yake, tukiwa tunapalilia migomba, namsikia anausema mstari uleule, taratibu, jembe likishuka kwa kila neno. Sijamjua mtu aliyelishika Neno kumpita yeye.

Hata makanisa ya kwanza yalikuwa hivyo. Ufunuo 1:3 inampa heri asomaye na wale wasikiao, maana mmoja alisoma na wengine wakatega masikio. Paulo naye, katika Wakolosai 4:16, anaagiza barua yake isomwe pia kwa Walaodikia. Kwa hiyo mama ninayemkuta sokoni Kiborloni akichambua nguo, simu yake juu ya balo la mitumba ikimsomea Injili, asihesabiwe kuwa anasoma nusu.

"Mstari mmoja mzuri unatosha"

Hapa nataka nikae kidogo. Yeremia 29:11 tunaujua sote, uko kwenye kalenda za ukutani na kadi za mahafali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tunapeana kama ahadi kwamba mambo yatanyooka karibuni. Lakini panda mstari mmoja tu juu yake, utakuta miaka sabini. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa amewaahidi kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, na Yeremia akamwambia wazi kuwa Bwana hakumtuma. Kisha ndipo barua: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae, uombeeni amani mji ule mliochukuliwa. Wengi walioisikia ikisomwa walikuwa wafe hukohuko.

Je, mstari umepungua nguvu? Kwangu umeongezeka. Mama ambaye mwanawe ana mwaka wa tatu anazunguka mjini na vyeti bila kazi, ukimpa mstari ule peke yake, mwaka wa nne utamfanya aone Mungu amemdanganya. Mpe barua yote, atamwona Mungu anayewawazia mema watu ambao kungoja kwao bado ni kurefu, na anayewaambia wapande mboga wakati huohuo.

"Biblia iliyofunguliwa Zaburi 91 hulinda nyumba"

Nimeiona sebuleni, nimeiona kwenye dashibodi ya daladala. Someni Mathayo 4:6: aliyeikariri Zaburi 91 pale ni Shetani, na Yesu akamjibu kwa andiko lingine alilolijua, la Kumbukumbu la Torati. Kitabu kilicholala wazi hakikumsaidia mtu pale.

"Wakatoliki hawasomi Biblia"

Sisi Walutheri tuliseme hili kwa aibu, hasa huku kwetu ambako wifi yako anatoka Kibosho na shemeji Kilema, kwa Wakatoliki. Masomo ya Misa za Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1965 uliwahimiza waamini wote kuyasoma Maandiko mara kwa mara.

"Kumpima mhubiri kwa Biblia ni utovu wa adabu"

Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimpima Paulo mwenyewe, kila siku, na wakasifiwa kuwa waungwana.

Kijana wangu alirudi baada ya majuma kadhaa, Marko imejaa alama za penseli. "Mama, mbona 16:8 wanawake wanakimbia kaburini wakiogopa, wala hawamwambii mtu?" Nikamweleza kwamba nakala mbili za kale zaidi zenye sura hiyo zinaishia hapohapo. Akanyamaza, akausoma tena kwa sauti, na wazee wawili waliokuwa wameshashika vikombe wakarudi kuketi.