Asilimia kwenye chupa ya pilingi haitoshi

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kliniki akiwa amejifunika mtandio hadi puani. Alipoufungua, mashavu yote mawili yalikuwa na mabaka meusi, kingo zimechorwa wazi kufuata njia ya brashi. Akatoa kwenye pochi kichupa cha pilingi, dawa ya asidi ya kubandua ngozi ya juu. "Dokta, waliniuzia wakasema hii ndiyo kali." Kimeandikwa asidi ya glaikoliki 70%, basi. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (ikishuka, ukali unapanda), haipo wala mtengenezaji hatajwi. Nikadondoshea tone kwenye karatasi ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu iliyokolea. pH karibu na 1.

Wateja wangu wengi husoma asilimia wakaishia hapo. Asilimia inakwambia asidi iliyomo ni kiasi gani; pH inakwambia ni kiasi gani kati ya hiyo kiko huru kuingia ngozini. Glaikoliki ikiwa kwenye pH 3.8, iliyo huru ni kama nusu tu. Ikishuka chini ya 2, karibu yote iko huru. Kwa hiyo chupa mbili za 30% zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: moja inakung'arisha, nyingine inakuunguza.

Halafu kuna ukubwa wa molekuli. Glaikoliki ndiyo ndogo kuliko zote katika zile tunazoziita asidi za matunda, ndiyo maana inazama haraka. Laktiki, ile ya maziwa yaliyochacha, ni kubwa kidogo. Mandeliki, iliyopatikana kwanza kwenye lozi chungu, ina uzito mara mbili ya glaikoliki, hivyo inaingia polepole. Kwa ngozi zetu nyeusi mimi huanza na hiyo. Ngozi yenye melanini nyingi ikichokozwa hujibu kwa kumwaga rangi, na ndicho kilichompata yule mama. Alidhani sumu imebaki ndani. Hapana, mama, ngozi yako iliungua, na weusi huo ndio jibu lake.

Asidi ya salisiliki ina tabia ya peke yake. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inapenya hadi ndani ya vitundu vilivyoziba, na wenye chunusi huifurahia. Ikikauka usoni huacha unga mweupe ambao kitambaa chenye maji kinaufuta. Ila weupe wa TCA, asidi nyingine ya pilingi (trikloroasetiki), ni mwingine kabisa: hapo protini za ngozi zimeganda, kama ute wa yai ukigusa kikaango cha moto, na hakuna kitambaa kitakachoufuta. Mhudumu asiyejua kutofautisha weupe huu na ule asishike brashi. Na kwa kuwa salisiliki ni jamaa ya aspirini, ukiwa na aleji ya aspirini au una mimba, sema kabla hujalala kitandani, usisubiri kuulizwa. Glaikoliki nayo haijizimi yenyewe. Inataka maji ya baikaboneti, na mtu anayeangalia saa muda wote. Fenoli, nayo hutumika kwa pilingi, siigusi: inazama mno, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tena kuna chupa zinazoitwa pilingi kumbe ni mkorogo: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini. Ukipaka kitu kikakung'arisha ndani ya siku tatu bila ngozi kubanduka hata kidogo, nina wasiwasi nacho kuliko asidi yoyote niliyoitaja.

Yule mama alitaka nimpake nyingine palepale ya kuondoa mabaka. Nilikataa. Nilimwandikia mafuta ya mgando asubuhi na usiku, na ya kukinga jua ya SPF 30, kwa sababu anauza matunda barabarani na jua la Dar la saa sita linamkuta pale pale. Akauliza, "Na harusi ya mwanangu mwezi ujao?" Nikamwambia ukweli: mabaka haya yanahesabiwa kwa miezi. Akakaa kimya, akajifunga mtandio wake, kisha akauliza kama hayo mafuta ya jua yanapakwa hata kukiwa na mawingu. Yanapakwa, mama.