Rubani hana kiti chake cha bure

Hapa Lubumbashi, ndege ikishuka Luano, utasikia: rubani hupanda ndege bure, hata akiishi mbali na kazi hana shida. Sivyo. Marekani, ambako marubani wengi huishi mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine, rubani mchanga husubiri kiti kilichobaki. Abiria wakijaa, anabaki mlangoni na begi lake, au anaomba kile kiti kidogo cha kukunja nyuma ya marubani. Na kwa safari hiyo halipwi mshahara.

Februari 2009 rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi Newark. Usiku uliofuata ndege yake ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa watu 50. Wachunguzi walilaumu zaidi kosa la kapteni, lakini walisema uchovu huenda uliwadhoofisha wote wawili.