Kabla ya Kumtafuta Mfadhili, Fungua Daftari la Kaya

Wiki haipiti bila mtu kunipigia simu na kuniuliza, "Daktari, kuna ufadhili wowote umetoka?" Mimi si daktari. Ni msaidizi wa afya ya jamii hapa Kisumu, nasimamia wahudumu wanaopita mlango kwa mlango, na akina mama wa mtaa wa Nyalenda ndio walionibandika jina hilo. Siku hizi sauti zinazouliza swali hilo zina wasiwasi ambao sikuuzoea.

Sababu inajulikana. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Nyanza na Magharibi tulikuwa tumeegemea fedha hizo kwa miaka mingi, hasa kwenye kazi ya Virusi vya Ukimwi: washauri, akina mama walezi wanaowashauri wenzao wanaoishi na virusi, pikipiki za kupeleka sampuli maabara. Asubuhi moja nilifika kwenye kituo fulani nikakuta chumba cha ushauri kimefungwa kwa kufuli na wagonjwa wameketi kwenye benchi wakingoja kifunguliwe. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Niliketi nao, kwa sababu sikuwa na la kuwaambia wala sikuweza kuondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya kazi na vikundi vya wahudumu kuandika maombi ya fedha na ya mafunzo, na nimefikia uamuzi ambao nitautetea popote: kitu cha thamani kuliko vyote katika ombi lolote, mhudumu tayari anacho. Kiko chini ya kitanda chake, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Ni rejista ya kaya, ile tunayoiita MOH 513 kwa nambari yake ya Wizara ya Afya.

Kwa wasioifahamu, nieleze. Kila mhudumu wa afya ya jamii, nyamrerwa kama tunavyosema huku kwa Kijaluo, hupewa kaya kama mia moja. Anaziandikisha zote kwenye 513: nani anaishi humo, nani mjamzito, nani mlemavu, mtoto yupi hajamaliza chanjo, choo kipo au hakipo, maji yanatibiwa au la. Rejista hiyo husahihishwa kila miezi sita. Ziara zake za kila siku zinaingia MOH 514, msimamizi kama mimi anajumlisha kwenye MOH 515, kisha tarakimu zinaandikwa kwenye ubao wa zahanati, MOH 516, ili kijiji chenyewe kizisome. Siku hizi mengi ya haya yanaingizwa kwenye simu walizopewa wahudumu pamoja na mikoba ya kazi, serikali ilipowazindua zaidi ya 100,000 nchini Septemba 2023. Simu imerahisisha mambo, lakini ina kasoro moja inayoniuma: taarifa zinapanda juu, na aliyezikusanya anabaki mikono mitupu. Ndiyo maana nawasihi wahudumu wangu wasiyatupe madaftari ya karatasi.

Mwaka jana kikundi kimoja kiliniletea ombi lililokuwa limekataliwa mara mbili. Lilianza hivi: "Jamii yetu inakabiliwa na changamoto nyingi za kiafya zikiwemo umaskini, ujinga na maradhi." Sentensi hiyo nimeisoma katika maombi mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Si uongo. Ila ukiiondoa Nyalenda ukaweka Kibera au Nakuru, hakuna kinachobadilika, na msomaji mwenye maombi mia tatu mezani analijua hilo kabla hajafika nukta.

Nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti wao, mama wa makamo anayeuza omena asubuhi na kutembelea kaya zake mchana. "Mama, hebu niletee lile daftari."

"Daktari, lile si la kupeleka kituoni?"

"Lilete tu tulisome."

Akalitoa kwenye mfuko, akalifungua juu ya mapaja. Kurasa zilikuwa zimejikunja pembe na zina harufu ya moshi. Tukaanza kuhesabu pamoja, yeye akipitisha kidole kwenye safu ya wajawazito, mimi nikiandika. Waliojifungua tangu Januari, tisa. Waliojifungulia nyumbani, wanne. (Tarakimu nimezibadilisha kidogo ili kaya hizo zisitambulike.) Nilikuwa tayari kuendelea na safu nyingine, lakini yeye kidole kilikuwa kimesimama. Akasema, "Hawa wanne wote wako ng'ambo ya Auji."

Auji ni ule mto mdogo unaokatiza mtaa. Mvua kubwa ikinyesha usiku unafurika, na boda hakubali kuvuka. Mama huyo alikuwa anajua kila mmoja wa wale wanne, alikuwa ameandika majina yao kwa mkono wake, lakini hakuwahi kuwaona wakiwa wamekaa kwenye mstari mmoja. Ombi lao jipya lilianza na sentensi hiyo: kaya ngapi, waliojifungua wangapi, wangapi nyumbani, na kwamba wote wako upande mmoja wa mto. Hatukuongeza neno "changamoto" hata mara moja.

Sasa, ukishapata sentensi yako, unaipeleka wapi? Watu wengi hufikiria ng'ambo kwanza. Mimi nawaanzia kwenye wadi (si ya hospitali, ni ile sehemu ndogo ya kaunti yenye mwakilishi wake), kwa sababu afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze, na bajeti ya kaunti haifungwi ofisi ya huko mbali ikibadili nia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti ifikapo Septemba mosi, mwongozo wa matumizi ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Kabla ya kila hatua wananchi lazima wasikizwe. Ukienda mwezi wa Mei kuomba choo cha zahanati, umechelewa mwaka mzima. Agosti ndio wakati wa kuingiza jambo, miezi inayofuata ni ya kulilinda lisifutwe.

Pili, jisajilini. Mfuko wowote wa maana utakuomba cheti, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi, na kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha. Yote hayo yanamalizwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Wahudumu kumi wa kitengo kimoja cha afya ya jamii tayari ni kikundi! Mkiwa na cheti na akaunti ya benki mnaweza kuomba Mfuko wa Uwezo, ambao hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu bila riba. Ni mkopo, utalipwa, kwa hiyo uende kwenye biashara inayoingiza kitu, usiende kwenye semina. Naupendekeza kwa sababu posho ya mhudumu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na mwezi ambao upande mmoja umechelewa kila mtu anajua jinsi sufuria inavyokuwa nyumbani.

Fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria bado zinafika Kenya, na nje ya serikali hupitia shirika la afya la Amref na Shirika la Msalaba Mwekundu, ambao nao hutafuta mashirika madogo ya kufanya kazi mashinani. Kikundi kichanga hakitashika kandarasi hiyo peke yake. Kinaweza kuungana na shirika lililosajiliwa tayari, kikaleta kile ambacho shirika hilo halina: kaya zinazokijua kwa jina.

Kuhusu mafunzo, vijana wanaoniuliza habari za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, wakumbuke kwamba maombi sasa hupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, na kwamba HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa huko pia. Basari za wadi na za eneo bunge hazizuiani na mkopo huo, zifuatilieni zote. Kwa mhudumu ambaye tayari yuko kazini, moduli za msingi na zile za kiufundi, kama kupima malaria nyumbani au kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, hazilipiwi. Muulize msimamizi wako zamu yenu ni lini, umuulize tena mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani nalo lina masomo ya bure mtandaoni. Na mtu yeyote anayekutaka utume pesa kwa simu ili "kufungua faili" ya ufadhili ni mwizi, hata akiwa na barua yenye mhuri.

Kanda hii si ngeni katika mambo haya. Baada ya mkutano wa dunia wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, wanakijiji wa Saradidi kule Asembo, Siaya, walikuwa wakichagua wasaidizi wao wenyewe wa afya na kugawa dawa za malaria kijijini, miaka mingi kabla ya serikali kuzindua mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006. Tulioanza kazi hii baadaye tumerithi njia iliyokwisha kulimwa.

Agosti iliyopita mwenyekiti yule alikwenda kwenye kikao cha wadi. Waliomtangulia walizungumzia barabara na taa za mtaani, kwa sauti ya juu na kwa muda mrefu. Zamu yake ilipofika alisimama, akavaa miwani, akasoma sentensi nne tu. Karani alikuwa ameacha kuandika kitambo. Akainua kalamu: "Mama, hebu rudia hiyo idadi ya nyumba zilizo ng'ambo ya mto."

Mwenyekiti akalowesha kidole, akarudisha ukurasa, akamsomea pole pole. Kivuko cha miguu kiliingia kwenye orodha ya wadi, nambari sita. Bado hakijajengwa. Februari tutarudi kuangalia kama kingali nambari sita.