Dana: utoaji wa India ya kale na asilimia 2 ya makampuni

Dana ni kutoa bila kudai malipo. Kinachotolewa chaweza kuwa chakula, mali, elimu, hata usalama kwa mtu aliye na hofu. Wahindu, Wabuddha na Wajaini wote wanaihesabu kuwa wajibu. Haimaanishi kwamba mali ni uchafu: artha, yaani kutafuta riziki na utajiri, ni moja ya shabaha nne za maisha katika fikra za Kihindu, mradi isivuke mipaka ya dharma, yaani wajibu na uadilifu.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 17 haiulizi umetoa kiasi gani. Inauliza umetoaje. Dana ya daraja la juu humwendea anayestahili, mahali na wakati ufaao, na mpokeaji awe mtu asiyeweza kukulipa fadhila. Ya pili hutolewa kwa kutazamia faida, au kwa kinyongo. Ya chini kabisa hutupwa kwa asiyestahili, tena kwa dharau.

Sasa tazama Sheria ya Makampuni ya India ya mwaka 2013. Kifungu cha 135 kinaitaka kampuni kubwa, kwa mfano yenye faida halisi ya rupia milioni 50 au zaidi kwa mwaka, itumie kwa ajili ya jamii angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yake ya miaka 3 iliyotangulia. Kanuni zake zina harufu ya Gita, iwe kwa kukusudia au la. Mradi unaowanufaisha wafanyakazi wa kampuni peke yao hauhesabiwi. Mchango kwa chama cha siasa hauhesabiwi. Udhamini wa kutangazia bidhaa nao umekataliwa waziwazi tangu 2021.

Penye kinyongo ndipo sheria inapokwama. Mwaka huohuo wa 2021 adhabu ya faini ilianza kutumika kwa kampuni isiyotumia fedha hizo wala kuzihamishia kwenye mifuko iliyotajwa na serikali. Shule inayojengwa kwa kuogopa faini ni shule halali, na watoto watasoma humo vizuri tu, lakini kwa kipimo cha Gita mtoaji yuko daraja la pili.

Gandhi alitaka zaidi ya hapo. Kwake tajiri ni mdhamini wa mali yote aliyo nayo: achukue ya kumtosha, inayobaki aitunze kwa ajili ya watu. Wazo hilo linagusa pia namna faida ilivyopatikana, jambo ambalo asilimia 2 hailigusi. Kampuni inayokaribia wazo hilo ni Tata Sons, kampuni mama ya kundi la Tata la India, ambayo takriban asilimia 66 ya hisa zake zinamilikiwa na wakfu za hisani, hivyo sehemu kubwa ya gawio huenda huko. Ila tusiwahi kuipa Gita sifa zote: ukoo wa Tata ni Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, na dini yao ya Zarathustra ina mafundisho yake yenyewe kuhusu kutoa.