Alma Rosé: yasemwayo na yaliyokuwa

Ukimtaja Alma Rosé, mpiga fidla wa Vienna, kuna maneno yanayorudiwa kila mara, na mengi yanamdhulumu marehemu.

Husemwa aliteswa kwa kushika dini ya Kiyahudi. Alma alibatizwa Mkristo. Sheria ya Wanazi haikuuliza mtu anasali wapi, ilihesabu babu na bibi zake waliokuwa Wayahudi. Jina la ukoo nalo halikufua dafu: mjomba wake alikuwa mtunzi Gustav Mahler, na baba yake, Arnold, alikaa kiti cha kwanza cha fidla katika okestra kuu za Vienna kwa miaka 57. Mwaka 1938 mzee akaondolewa.

Wengine huuliza mbona hakukimbia. Alikimbia! Mwaka 1939 alikuwa London na baba yake. Riziki ikawa ngumu, akavuka kwenda Uholanzi kupiga muziki apate cha kumtunzia mzee. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia nchi hiyo yeye akiwa hukohuko. Alikamatwa Dijon, Ufaransa, akiwa mbioni tena, na Julai 1943 akafikishwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Inayoniuma zaidi ni ile kwamba bendi ya wanawake kambini ilikuwa starehe, na kwamba Alma aliwatesa wenzake ili awafurahishe maafisa wa SS, askari wa Wanazi waliosimamia kambi. Bendi aliikuta kabla ya kupewa kuiongoza, imeanzishwa na Mpolandi Zofia Czajkowska: mandolini, gitaa, akodiani, fidla chache, na wasichana ambao wengine walijua kupiga kwa kubahatisha tu. Kila asubuhi walipiga machi langoni vikosi vya wafungwa vikitoka kwenda kazini. Jioni walipiga tena, vikosi vikirudi vimebeba maiti za wenzao.

Mkali alikuwa, tena sana. Anita Lasker, mpiga selo wa miaka 18, alikosea noti akiwa bado dhaifu baada ya ugonjwa, akaamriwa kusugua sakafu kwa magoti wiki nzima. Lakini baadhi ya wasiojua kupiga vizuri Alma hakuwatoa, aliwapa kazi ya kunakili noti kwa mkono. Nje ya bendi ile kulikuwa na tanuri za kuchomea maiti, na bendi mbovu ingeweza kuvunjwa siku yoyote.

Wala hakuuawa kwa gesi, kama wengi wanavyodhani. Aliugua ghafla, akafariki Aprili 1944, akiwa na miaka 37. Wasichana wake Wayahudi walihamishiwa Bergen-Belsen, kambi nyingine ya Wanazi, na wengi wao, Anita akiwamo, walikutwa hai huko kambi ilipokombolewa Aprili 1945.